Neno "Na" Lilipokwama kwenye Makro ya Kiwanda

Vijana wa chumba cha kompyuta, tangu nilipostaafu mmenipigia simu mara nyingi kuliko watoto niliowazaa, na swali ni lile lile: Mama Kerubo, ile safu ya namba iliyo mwisho wa jedwali la vituo ni ya nini, na tunaweza kuifuta? Hamwezi. Nimeketi kuandika haya ili ng'ombe wangu akamuliwe kwa amani, maana simu ikilia ananyima maziwa, na lawama zinakuja kwangu.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako kwenye faili, na hayachekeshi. Nitawaambia kuhusu namba, kuhusu Fundi Sigei aliyenifundisha kuzisoma, na kuhusu neno moja la Kiswahili ambalo nusura liwanyime watu lori.

Nilianza kazi nikiwa karani wa majani kwenye kituo cha kununulia chai, kule ambako wakulima huleta majani mabichi, karani akapima, lori likabeba mpaka kiwandani. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyamira kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nami nikajifunza Kipsigis kati ya mistari ya chai. Mpaka leo wenyewe wanasema nakizungumza kama mtu aliye na ndizi mdomoni. Nawajibu kwamba afadhali ndizi kuliko wao, ambao wakitaka kusema "baba" huwezi kujua kama wanamwita mzazi au Papa wa Roma.

Kompyuta zilipoletwa kiwandani, Bwana Koech, meneja wa majani, aliniita ofisini kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Chumba kilikuwa stoo ya zamani na kilinuka vumbi la chai. Akanionyesha kiti, akaniambia, "Usiogope, Mama Kerubo. Kuna Makro hapa, atakusaidia." Kisha akaenda zake shambani.

Nilimngoja Makro asubuhi nzima. Nilidhani ni kijana Mhindi, au pengine mtu wa Meru. Nilimtengea hata kikombe cha chai na kukifunika kwa sahani. Bwana Koech aliporudi na kusikia namngoja nani, alishika meza asianguke. Miaka yote baada ya hapo, mashine ikigoma, alikuwa anachungulia mlangoni na kuuliza, "Makro amekunywa chai?"

Nyinyi mnajua Makro ni nini, lakini pengine hamkumbuki kwamba mtu huanza bila kujua. Ni maagizo yanayoandikwa ndani ya jedwali la kompyuta ili lifanye kazi lenyewe. Hayo yetu yaliachwa na kijana mmoja aliyepata kazi Nairobi akaondoka bila kugeuka nyuma. Ndani yake kulikuwa na And, Or, Not na Xor, zimechanganywa na namba kama mahindi na maharagwe. And nilikuwa naijua tangu darasa la tatu, kwa hiyo nikajiona nimefika. Kiingereza cha shule kilinidanganya hapo.

Aliyenitoa gizani ni Sigei, fundi wa stima. Alikuja kurekebisha soketi, akanikuta nimekodolea macho kioo cha kompyuta.

"Hiyo si hesabu, Mama Kerubo," akasema. "Hiyo ni pit."

Nikatazama chini ya meza. "Shimo liko wapi?"

"Pit. Ile ya kompiuta. Pit nane ni pait moja."

"Unamaanisha bit."

"Si ndio nimesema?"

Alinichukua mpaka orofa ya kunyaushia majani, mbele ya ubao wenye swichi za feni, zimejipanga mstari mmoja. Sigei alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kidole kimoja kilichoungua kwa stima, na alikuwa anafundisha kwa kidole hicho hicho. Akaniambia kila namba ndani ya mashine ni safu ya swichi kama ile, na kila swichi ndiyo hiyo bit. Swichi ya kwanza ina thamani ya moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Ukiona kumi, usione kumi. Ona swichi ya nane na swichi ya mbili zimewaka, nyingine zimezima.

Hiyo ndiyo safu mnayotaka kuifuta. Kila kituo kina namba moja, na namba hiyo ni swichi zake. Moja: kituo kiko mbali. Mbili: majani ni magumu, yaani watu wanachuma hata yale yaliyokomaa badala ya majani mawili na chipukizi. Nne: majani huletwa yakiwa na maji. Nane: mzani una kasoro. Kituo chenye tano kiko mbali na kinaleta majani yenye maji. Chenye sifuri ni malaika, na sikuwahi kuwa navyo vingi.

And, kwa maneno ya Sigei, ni swichi mbili kwenye waya mmoja, moja ikifuatana na nyingine: taa haiwaki mpaka zote mbili ziwashwe. Or ni swichi mbili, kila moja na njia yake ya kufikia taa: yoyote ikiwashwa inatosha. Xor ni taa ya ngazi ya kwenda orofani, yenye swichi chini na swichi juu. Ukibonyeza ya chini inawaka, ukifika juu ukabonyeza nyingine inazima. Mashine hufanya hivyo kwa swichi zote za namba mbili kwa mpigo, kila swichi na mwenzake. Basi, hakuna uchawi.

Not ndiyo iliyonitoa jasho. Niliandika kwa imani kubwa: kama si mbali, weka kwenye orodha ya karibu. Kituo cha mbali kabisa kikaingia kwenye orodha ya karibu. Kumbe Not hugeuza swichi zote za namba, si ile moja unayoifikiria, hivyo moja ikigeuzwa inakuwa hasi mbili. Na kwa Makro, chochote kisicho sifuri ni kweli. Ukiiuliza "ni mbali?" inasema ndiyo. Ukiiuliza "si mbali?" inasema ndiyo. Nilimwambia Sigei mashine imekuwa kama mgombea wa udiwani, akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Halafu kuna mabano, ambayo nimewaandikia msiyaguse na najua mmoja wenu ameyagusa. Ukitaka kujua kama kituo kina swichi ya moja na ya mbili zote, andika (hali And 3) = 3, hali ikiwa ndiyo ile namba ya kituo. Ukiyaondoa mabano, Makro hukimbilia kwanza kulinganisha tatu na tatu, inaridhika kwamba zinalingana, kisha inakubali kituo chochote chenye swichi yoyote iliyowaka. Mtu ana mzani mbovu tu, nyinyi mnamwambia yuko mbali na majani yake ni magumu. Mabano ni bei rahisi. Wekeni.

Sasa nifike kwenye ile kesi.

Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Malori mengine yalikuwa yamelala gereji na barabara za juu zilikuwa uji. Kamati ya wakulima iliketi kutafuta njia ya kupunguza safari. Walipomaliza, Bwana Koech aliingia kwangu na sentensi moja aliyokuwa ameishika kichwani asije akaimwaga njiani.

"Mama Kerubo, wamepitisha. Vituo vya mbali na vya majani magumu, lori isiende tena mpaka tutangaze. Nitolee list, dereva apange wiki ijayo."

Nikaandika. Nikabonyeza. Yakatoka majina mawili: Chebitet na kingine jirani yake.

"Hii list iko short," akasema. "Hapa hatujaokoa kitu."

Nikabadilisha, nikabonyeza tena. Safari hii orodha ilijaa kioo ikataka kuendelea, na juu kabisa kulikuwa na Kapmosonik. Bwana Koech alijikuna. Kapmosonik iko ng'ambo ya bonde, mbali kweli, lakini majani yake yalikuwa yanasifiwa kiwanda kizima. Wanawake wa kule walikuwa wanachuma kama watu wanaochagua mbegu.

"Ya kwanza ni ya vituo vyenye makosa yote mawili," nikamwambia. "Ya pili ni ya vyenye kosa lolote. Kamati ilitaka ipi?"

"Walisema na. Na ni na, wewe."

"Boss, nikisema watu wa Bomet na wa Kericho wasimame, nani atasimama?"

"Wote."

"Nikisema watu warefu na wenye kofia wasimame?"

Akafikiri. "Wale warefu ambao wamevaa kofia."

"Na ni hiyo hiyo na."

Akaivua kofia yake akaiweka mezani. "Hii Kiswahili iko na shida."

Kiswahili hakina shida. Sisi watu tunasikia "na", tunaangalia uso wa msemaji, tunaelewa tunavyotaka. Mashine haiangalii uso. Nilikataa kuchagua, si kwa ushujaa, ila kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimekaa kituoni, najua maana ya lori kutokuja.

Bwana Koech ni mtu wa haki. Alichukua simu, akawapigia wanakamati mmoja mmoja, nami nikisikiliza. Kila mmoja alikuwa na hakika. Huyu akasema bila shaka ni vile vyenye makosa yote mawili. Yule akasema bila shaka ni vyote, vya mbali viwekwe kando, vya majani magumu viwekwe kando. Ndipo tukajua kilichotokea. Walijadiliana kwa Kipsigis, na Kipsigis kina maneno yake: wengine walisema *ak*, yaani na, wengine wakasema *anan*, yaani au. Mwenyekiti akayakunja yote kwa Kiswahili ndani ya "na" moja, mikono ikapanda. Walikuwa wamepitisha kwa kauli moja, kila mtu na kauli yake.

Habari haikai kwenye sufuria bila kufurika. Kesho yake Bot Chelangat alikuwa mlangoni, gumbuti zimejaa matope, mwavuli kwapani. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo cha Kapmosonik. Bot ni kama kusema Mama, nasi tulijuana tangu ukarani wangu.

"Chamgei, Mama Kerubo," akanisalimu. "Nasikia kompiuta imetufukuza."

"Haijawafukuza. Inangoja kuelezwa."

"Basi ielezeni pole pole." Akaketi. Akanieleza kwa sauti ya chini kitakachotokea lori lisipokuja. Wangebeba majani mgongoni, washuke bondeni, wavuke daraja la magogo, wapande mpaka kituo cha ng'ambo. Majani yakibanwa kwenye gunia safari yote ile yanapata moto, yanageuka rangi, karani anayarudisha. "Wazee wetu wataacha," akasema. "Wenye mtoto mgongoni wataacha. Na mimi pia, magoti yangu hayataki hiyo bonde." Aliyasema haya akiwa anatazama matope aliyoniachia sakafuni, na roho iliniuma.

Bwana Koech aliitisha kamati tena, na wenyeviti wa vituo wakaja. Nilimwomba Sigei atusaidie. Alikuja na kibao cha mbao, swichi mbili, taa moja na waya. Juu ya swichi moja alikuwa ameandika kwa chaki MBALI, juu ya nyingine MAJANI MABAYA, na taa ikiwaka maana yake lori haliji. Aliwafungia kwanza ile ya *ak*. Mzee mmoja akabonyeza MBALI, taa ikakaa kimya. Akabonyeza ya pili, ikawaka. Sigei akabadilisha waya, akawafungia ile ya *anan*, na hapo kila aliyegusa swichi alipata taa. Wazee walizibonyeza zamu kwa zamu kama watoto, mpaka Bwana Koech akawakumbusha kwamba bili ya stima ni yao pia.

Kisha mjadala ukaanza, na haukuwa mtamu. Wengi walitaka *anan*. Dizeli ni dizeli, walisema, na huko mbali kila mtu akatafute namna. Bot Chelangat akasimama akaomba kibao. Alikishika kifuani kama sinia.

"Hii swichi ya mbali," akasema, "ni Mungu aliwasha, siku aliweka hiyo bonde. Sisi hatuwezi kuzima. Hii ingine iko mikononi yetu, na tumeizima miaka yote. Sasa mnataka kutuhukumu na ile ya Mungu?"

Akakigeuza kibao, wazee waione swichi ya pili.

"Na mjue kitu ingine. Mkituwacha leo kwa anan, majani yetu itaungua njiani. Mwezi ujao mtaangalia, mtasema, ona, wako mbali na majani yao ni mabaya. Mtatupata kwa ak. Hiyo swichi ya pili, ni nyinyi mtakuwa mmewasha."

Akarudisha kibao kwa Sigei, akaketi. Bwana Koech safari hii hakuuliza kwa Kiswahili. Alitaja *anan*, akahesabu mikono. Akataja *ak*, na hakuhitaji kuhesabu.

Nilirudi chumbani nikaandika ile yenye mabano. Yakatoka majina mawili, yale yale ya kwanza. Kapmosonik ilibaki na lori lake, na Bot Chelangat alinipigia simu kuniambia tu kwamba dereva amechelewa, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na wasiwasi.

Sigei alikuja kuchukua waya aliousahau kwangu. Aliona kioo, akasoma majina, akatikisa kichwa kidogo. Sijui ni nini kilichonifanya niulize. Siku zote nilikuwa namwona kwenye nyumba za wafanyakazi, hapo nyuma ya kiwanda, na sikuwahi kumuuliza mke na shamba viko wapi.

"Fundi, kwenu ni wapi?"

"Chebitet."

Nikalitazama jina la kwanza kwenye kioo. "Na ulijua?"

"Tangu ile list ya kwanza. Bwana Koech alinionyesha."

"Ukafunga waya ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama Kerubo? Kwetu hiyo taa inawaka, ufunge na ak, ufunge na anan. Nilikuwa nafungia wengine." Akakunja waya polepole. "Lakini ile pit ya pili ni yetu. Hiyo tunaweza kuzima."

Nilimmiminia chai.

Msimu ule watu wa Chebitet walibeba majani mgongoni mpaka kituo chenye lori, wengine kwa punda, wakifungua magunia njiani majani yasipate moto. Mke wa Sigei ndiye aliyekuwa mkali. Alikuwa anasimama mwanzo wa njia na kupekua vikapu vya majirani, jani gumu akilipata analitupa mbele ya mwenyewe. Alipata maadui, akapata pia wafuasi. Mkaguzi wa majani alianza kuuliza hawa watu wa magunia safi wanatoka wapi.

Mvua zilipoisha, Bwana Koech aliingia, akasimama nyuma yangu, akasema, "Chebitet, toa ile ya majani." Hakuuliza habari za Makro na chai. Nikamtuma mtu amwite Sigei.

Hapa sikilizeni, maana mtaihitaji. Ukitaka kuzima swichi moja, usitoe mbili kwa hesabu ya kawaida, na usitumie Xor. Kama swichi ilikuwa imezimwa tayari, ya kwanza itaharibu namba na ya pili itaiwasha. Andika hali And Not 2. Not inageuza mbili ikawa swichi zote zimewaka isipokuwa hiyo, na And inaacha zilizokuwa zimewaka zibaki, hiyo moja izime. Hata ukirudia mara kumi, hakuna kinachoharibika.

Sigei alifika na mkanda wa vifaa kiunoni. Nikamwonyesha mstari, nikamwonyesha tatu ya Chebitet, nikampisha kiti. Alifuta kidole chake kilichoungua kwenye ovaroli, akabonyeza. Tatu ikawa moja, na Chebitet ikatoka kwenye orodha.

Aliitazama ile moja kwa muda.

"Imebaki ya umbali," akasema.

"Hiyo sina namna ya kuizima, Fundi."

"Iwache iwake," akasema. "Ndio dereva aone njia."